Jioni Sita za Mwanga: Tathmini ya Mafunzo Kuhusu Protini Ambazo Bakteria Hutumia Kuikwepa Kinga

Nililipa shilingi 60,000 kutoka mfukoni mwangu, bila kudhaminiwa na ofisi wala mradi wowote, ili kuhudhuria mafunzo ya jioni sita yaliyofanyika katika ukumbi wa kukodi eneo la Mwanga, hapa Kigoma mjini, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Tangazo lilisema tu kwamba mada ni jinsi bakteria wanavyoikwepa kinga ya mwili, na kwa kuwa mimi ni mteknolojia wa maabara ambaye kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiotesha usaha, damu na kinyesi cha wakazi wa mkoa huu, nilidhani nitarudishwa kwenye yale yale niliyosoma chuoni. Sikurudishwa. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara, wauguzi, matabibu na wanafunzi wanaojiuliza kama waingie awamu ijayo, na nitaeleza kwa kirefu kilichofundishwa, kwa sababu hapo ndipo fedha yangu ilipokwenda. Ukumbi, chai na cheti havihitaji maneno mengi. Waandaaji na mwalimu sitawataja, kwa kuwa nina malalamiko na sikuwapa nafasi ya kuyajibu kabla ya kuandika.

Tulikuwa watu ishirini na watatu. Wengi walikuwa wa maabara na wauguzi, lakini walikuwapo pia daktari wa mifugo kutoka Kasulu, muuza dawa mmoja wa Ujiji, na mwenzetu wa Tabora aliyefika kwa treni na kulala kwa shemeji yake Katubuka. Viti vilikuwa vya plastiki, feni ilikuwa moja, na chai ililetwa kwa mihogo ya kuchemsha, jambo ambalo mimi sikulilalamikia ingawa wengine walilalamika.

Jioni ya kwanza mwalimu hakuanza na kinga ya mwili. Alianza na chujio. Mwaka 1888, mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin walichuja mchuzi walimooteshea bakteria wa dondakoo, wakawaondoa bakteria wote, kisha wakawadunga wanyama ule mchuzi mtupu, na wanyama wakafa kwa dalili zile zile za ugonjwa. Maana yake ni kwamba kilichoua hakikuwa bakteria mwenyewe bali kitu alichokiacha kwenye majimaji, na kitu hicho leo tunajua kuwa ni protini inayoingia ndani ya seli na kusimamisha utengenezaji wa protini nyingine zote. Mwalimu alituacha na swali moja: ikiwa bakteria anaweza kutuma kitu mbali na mwili wake ili kuua, anaweza kutuma nini ili asiuawe?

Kabla ya kujibu, ulizuka ubishi wa lugha ambao ulichukua karibu nusu saa, na ambao kwangu mimi ndio uliobeba mafunzo yote. Slaidi zilikuwa zimeandikwa kwamba bakteria "hutoa" protini. Muuguzi mmoja mtu mzima, ambaye wote tulimwita Mama tangu siku ya kwanza, alisema neno hilo ni pana mno, kwa kuwa hata jasho hutoka na hata pumzi hutoka bila mtu kukusudia. Akapendekeza "kutema". Mwalimu alilipokea, kisha akaongeza la pili: kuna protini ambazo bakteria huzitema nje, kwenye damu, usaha au ute, zikafanye kazi huko zikiwa peke yake; na kuna nyingine ambazo hazigusi majimaji hayo kamwe, kwa sababu bakteria huzidunga moja kwa moja ndani ya seli ya mgonjwa, kama sisi tunavyomchoma mtu sindano. Kutema na kudunga. Tangu hapo kila bakteria aliyetajwa aliulizwa kwanza swali hilo: huyu anatema au anadunga? Nimekaa kwenye semina nyingi zilizoendeshwa na watu wenye vyeo vikubwa, na sikumbuki nyingine ambamo mgawanyo mgumu wa kisayansi ulipata maneno mawili ya Kiswahili yanayoshikika namna hiyo.

Jioni ya pili ilikuwa ya stafilokoka, yule wa majipu na vidonda, na hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba mafunzo yananihusu. Kila wiki mimi hufanya kipimo cha koagulezi: nachukua plasma, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, kwenye tyubu, natia bakteria, naiweka kwenye inkubeta, kile kikasha cha joto cha kuoteshea, na plasma ikiganda naandika kuwa ni stafilokoka aureusi. Kwa miaka yote hiyo nilikiona kuganda kule kama alama tu ya utambulisho, mfano wa sare ya shule. Sikuwahi kujiuliza bakteria mwenyewe anafaidika nini na plasma iliyoganda. Jibu ni kwamba ile koagulezi ni protini anayoitema, nayo huichokoza damu yetu wenyewe itengeneze nyuzi za fibrini kumzunguka, hivi kwamba seli nyeupe zinazokuja kummeza zinakuta ukuta uliojengwa kwa tofali za mwenye nyumba. Anapotaka kutoka huitema protini nyingine, stafilokinezi, inayoamsha uwezo wa damu wa kuyeyusha nyuzi hizo hizo.

Kutokana na hilo nikaelewa agizo ambalo nimelifuata kama kasuku tangu chuoni, kwamba tyubu isomwe baada ya saa nne na isiachwe tu mpaka kesho yake bila kutazamwa. Bonge linaweza kuganda, kisha likayeyushwa na bakteria yule yule kabla hujaamka, na asubuhi ukaandika jibu la uongo. (Nitaongeza hapa, kwa faida ya wanaofundisha vijana kazini, kwamba mwanafunzi mmoja wa mazoezi niliyekuwa naye aliwahi kulisoma agizo hilo kwenye bandiko letu, akaitoa tyubu saa nne kamili asubuhi, ikiwa na dakika arobaini tu ndani ya inkubeta. Kosa lilikuwa la aliyeandika bandiko, naye ni mimi.)

Sehemu iliyofuata ilihusu protini A, na mwalimu aliieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichonacho. Kingamwili, ile protini ambayo mwili hutengeneza ili kumkamata mvamizi, alisema, ifikirie kama jembe. Upande wa chuma humshika bakteria, na upande wa mpini ndio seli nyeupe inaoushika ili imvute na kummeza. Protini A hukamata kingamwili kwenye mpini. Jembe bado lipo, bakteria amefunikwa na majembe mengi, na kwa kipimo cha kuhesabu kingamwili mgonjwa ataonekana ana silaha za kutosha. Lakini mipini yote iko mkononi mwa bakteria na seli nyeupe imebaki kwenye makali. Baadhi ya protini hiyo hubaki ukutani mwa bakteria na nyingine huachiliwa ielee. Mwenzetu wa Tabora alikumbusha kwamba kile kipimo cha haraka cha lateksi cha kutambua stafilokoka kinafanya kazi kwa tabia hiyo hiyo, kwa kuwa chembe zake zimepakwa kingamwili ambazo protini A huzidaka. Mwalimu alikiri kwamba hakuwa ameuweka mfano huo kwenye slaidi zake, akaunakili kwenye daftari mbele yetu, na kwa kufanya hivyo alijipatia heshima yangu.

Alitaja pia protini mbili ndogo za stafilokoka huyo huyo: moja huziba vipokezi ambavyo seli nyeupe hutumia kunusa njia ya kufika kwenye jeraha, na nyingine hukwamisha komplimenti, yaani lile kundi la protini za damu zinazomtia bakteria alama ili amezwe. Zote mbili zimeundwa kwa ajili ya binadamu, na kwa panya karibu hazifanyi kazi. Hili aliligusa kwa sentensi moja akapita, nami nadhani lilistahili zaidi, kwa sababu linaeleza kwa nini jaribio lililofaulu kwa panya linaweza kumwangusha mgonjwa wa wodini.

Jioni ya tatu ilikuwa ya streptokoka, na ilikuwa bora kuliko zote sita. Mwalimu aliwaweka ndugu hawa wawili wa majipu na koo kando kwa kando. Wa kwanza huigandisha damu na kujificha ndani yake, na ndiyo maana jipu lake mara nyingi lina mpaka na linakamulika. Wa pili hutema streptokinezi, ambayo huyeyusha bonge, na maambukizi yake hutambaa chini ya ngozi upesi, mguu ukavimba wote. Streptokinezi ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1933, na baadaye ikawa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo. Muuza dawa wa Ujiji, ambaye alikuwa kimya siku mbili, alisimama akasema kwamba jina hilo amelisoma mara nyingi na hakuwahi kujua kuwa ni la bakteria wa koo.

Kisha ukaja mkasi. Kingamwili ya aina ya IgG ina sehemu inayojikunja, iliyo kati ya makali na mpini, na mwalimu aliiita bawaba. Streptokoka wa koo hutema kimeng'enya kiitwacho IdeS, kilichoelezwa mwaka 2002, ambacho hukata IgG karibu na bawaba hiyo, na hakikati kitu kingine chochote cha maana mwilini. Makali yanabaki yameng'ang'ania ukuta wa bakteria, mpini unaelea zake kwenye damu. Kimeng'enya kingine cha bakteria huyo, EndoS, hakikati. Hunyoa sukari iliyoshikamana na mpini, na mpini ulionyolewa huteleza mkononi mwa seli nyeupe. Mtu mmoja aliuliza, "Mwalimu, samahani, kama mkasi huo ni mzuri kiasi hicho, kwa nini watu wasiutumie?" Akajibiwa kwamba wameshautumia: IdeS imefanywa dawa, inaitwa imlifidase, na mwaka 2020 iliidhinishwa kwa masharti katika Umoja wa Ulaya kwa wagonjwa wanaosubiri kupandikizwa figo ambao damu yao imejaa kingamwili za kuikataa figo ya mtu mwingine. Mgonjwa hupewa dawa, kingamwili zake hukatwa kwa muda wa saa chache, na figo hupata nafasi ya kuingia. Ukumbi ulinyamaza kidogo.

Siku hiyo hiyo alitueleza kwa haraka kuhusu kimeng'enya kinachokata IgA, ile kingamwili ya kwenye ute wa pua, koo na njia ya uzazi. Bakteria wa kisonono, nduguye wa karibu wa homa ya uti wa mgongo, na yule wa nimonia ambaye hana undugu wa karibu nao, kila mmoja ana kimeng'enya chake cha kukata IgA ya aina ya kwanza kwenye bawaba yake ndefu. IgA ya aina ya pili ina bawaba fupi, na vimeng'enya hivyo haviiwezi. Daftari langu lina mistari minne tu juu ya hili, na ningependa liwe na ishirini.

Jioni ya nne, ya wanaodunga, ndiyo iliyokuwa na mazuri na mabaya pamoja. Mazuri kwanza. Mwaka 1998 watafiti walichapisha picha za darubini ya elektroni zinazoonyesha kile kifaa ambacho salmonela hutumia, na kifaa chenyewe kinafanana na sindano kwelikweli: kitako kilichopenya ngozi mbili za bakteria, na juu yake mrija mwembamba unaotokeza nje. Shigela anacho, na bakteria wa tauni anacho. Kupitia mrija huo protini huingia ndani ya seli yetu zikiwa zimenyooshwa kama uzi, kisha hujikunja upya zikiwa ndani.

Mfano wa salmonela ulinikaa kichwani. Protini yake moja, SopE, huiamrisha seli ya utumbo ikunje ngozi yake na kummeza bakteria, jambo ambalo seli ile haikupanga kulifanya. Protini ya pili, SptP, huingia kwa sindano hiyo hiyo na kazi yake ni kuituliza ngozi irudi kama ilivyokuwa. Je, zikiingia pamoja hazitafutana? Hazifutani, kwa sababu mashine za seli za kuharibu protini huivunja SopE upesi na kuichelewesha SptP, hivyo mfungua mlango hufa mapema, na mfunga mlango hubaki kazini baada ya mgeni kuingia. Bakteria hana saa. Saa anayoitumia ni ya kwetu.

Shigela alipewa muda wa kutosha, na alistahili, kwa kuwa bakteria kumi hadi mia moja tu wanatosha kumpa mtu mzima ugonjwa wa kuhara damu. Seli inapovamiwa hupelekeana ishara ndani kwa kubandika fosfeti kwenye protini fulani, mfano wa mtu anayewasha taa moja baada ya nyingine kwenye korido mpaka ofisi kuu ijue. Protini ya shigela iitwayo OspF huing'oa fosfeti hiyo kwa namna ambayo haiwezi kubandikwa tena mahali pale. Nyingine, OspC3, humzuia kaspezi-4, yule mlinzi wa ndani anayeiamuru seli iliyoingiliwa ijilipue ili bakteria wakose makao. Daktari wa mifugo aliongeza habari ya kimeta: protini mojawapo ya sumu yake hukata vimeng'enya vya njia hiyo hiyo ya ishara, ila haidungwi kwa sindano, hutemwa nje, kisha hupitishwa ndani na protini mwenzake inayotengeneza tundu. Wa tauni alipita kwa dakika kumi, ikatajwa Lushoto, ambako ugonjwa huo uliripotiwa tangu mwaka 1980, na protini yake YopH inayozizuia seli nyeupe kumeza.

Hapa Mama aliuliza kuhusu kipindupindu, na nadhani wote tuliokuwapo Kigoma mwaka 2015 tulilitarajia swali hilo. Mwezi Mei mwaka ule maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikazuka kabla wote hawajaletwa mjini kwa meli ya Liemba. Mama alikuwa miongoni mwa waliowapokea. Alitaka kujua sumu ya kipindupindu inaizuia vipi kinga. Mwalimu angeweza kubuni jibu la kumridhisha. Badala yake alisema kwamba kipindupindu ni mfano wa bakteria asiyeingia ndani ya seli na ambaye ushindi wake hautegemei sana kumnyamazisha mlinzi. Hutema sumu inayoiamuru seli ya utumbo imwage maji na chumvi, mgonjwa mzito anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na bakteria huondoka na mafuriko hayo kwenda kwa mtu mwingine kabla kinga haijajipanga. "Ndiyo maana tulikuwa tunakimbizana na dripu," Mama akasema, akaketi.

Mabaya ya jioni hiyo ni haya. Slaidi zilisema "salmonela wa taifodi" kila mahali, ilhali sehemu kubwa ya yaliyoonyeshwa imetokana na salmonela mwingine, Typhimurium, aliyechunguzwa katika seli za maabara na kwa panya. Yule wa taifodi ni wa binadamu, panya wa kawaida hamshiki, na baadhi ya protini za nduguye hana. Anazo mbinu zake, ikiwamo koti la sukari liitwalo Vi na sumu yake ya pekee. Nililiuliza hili, nikajibiwa kwamba ni "kurahisisha". Katika mkoa ambako kila homa ya siku tatu huitwa taifodi, na mtu akipimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, mara moja tu huondoka na dawa za siku kumi na nne, sioni kuwa huku ni kurahisisha. Mwalimu angepaswa pia kusema wazi kwamba Widal haipimi hata moja ya protini za sindano; inapima kingamwili dhidi ya ukuta na mikia ya bakteria, kingamwili ambazo huenda zilibaki kutoka maambukizi ya zamani au ya salmonela mwingine. Alikuwa na wauguzi na matabibu mbele yake kwa saa tatu na hakulisema.

Jioni ya tano umeme ulikatika dakika ya kumi na mbili, projekta ikazima, na mafunzo yakawa bora. Mwalimu aliomba simu mbili zimulike ubao, akatuomba kila mmoja aguse mkono wake wa kulia karibu na bega, lilipo kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kisha akasimulia. Calmette na Guérin walimhamisha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kutoka chombo kimoja hadi kingine mara 230, kwa miaka kumi na mitatu, mpaka mwaka 1921 chanjo ikapewa mtoto wa kwanza. Hawakujua bakteria alikuwa amepoteza nini njiani. Miaka mingi baadaye, jeni ziliposomwa, ilionekana kwamba kipande kizima kimedondoka, na ndani ya kipande hicho mlikuwamo sehemu muhimu za mfumo uitwao ESX-1 pamoja na protini mbili unazozitema, ESAT-6 na CFP-10.

Mfumo huo ndio unaomwezesha bakteria wa kifua kikuu kutoboa kifuko alichofungiwa na seli iliyommeza. Asipokuwa nao anabaki kifungoni, na ndiyo sababu mojawapo ya BCG kutomdhuru mtoto mwenye afya. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu hakiwezi kumtofautisha mtu aliyechanjwa na aliyeambukizwa, kwa kuwa maji yanayodungwa yana protini za aina nyingi ambazo hata BCG anazo. Vipimo vya damu vinavyotumia ESAT-6 na CFP-10 vinaweza, kwa sababu kovu la bega halikuwahi kumfundisha mtu protini hizo mbili. Nimefanya kazi na kifua kikuu muda mrefu, nimesoma maneno hayo kwenye vijikaratasi vya vitendanishi, na ni gizani, nikiwa nimeshika bega langu mwenyewe, ndipo nilipoyaelewa.

Jioni ya sita haina mengi. Tulipewa mtihani wa maswali thelathini ya kuchagua, tukasikia kidogo kuhusu chanjo za pepopunda na dondakoo, ambazo hutengenezwa kwa kuipoza sumu iliyotemwa na kuifundishia kinga, tukapiga picha. Mwenzetu wa Tabora aliuliza kuhusu homa ya papasi, ugonjwa ambao wazee wa kwao bado wanaukumbuka kutoka nyumba za udongo za njia ya misafara, na ambao bakteria wake amepewa jina la Dutton, mchunguzi aliyefariki Kongo mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwalimu alijibu kwamba borelia, yaani bakteria huyo wa homa ya papasi, hatumi kitu, hubadilisha koti tu, kwa hiyo hamo kwenye mada. Jibu ni sahihi kwa kiasi chake, kwa kuwa homa inayorudi hutokana na bakteria kubadili protini za juu ya ngozi yake kila kinga inapomtambua. Lakini mtu aliyelala safarini ili kuja kusikiliza alistahili robo saa, na ulinganisho wa anayetuma na anayebadili koti ungeufunga mgawanyo wa jioni ya kwanza vizuri kuliko ule mtihani.

Malalamiko mengine ni ya kawaida. Kitini cha kurasa 84 kiliuzwa shilingi 10,000 zaidi, jambo ambalo tangazo halikulitaja, na kilichapwa kwa rangi nyeusi tupu ilhali michoro ilitegemea rangi, kiasi kwamba mshale mwekundu na wa kijani ni mshale mmoja. Kitini chenyewe ni cha Kiingereza kuanzia jalada hadi mwisho, ingawa mwalimu alifundisha kwa Kiswahili safi. Hakukuwa na hadubini hata moja wala tyubu ya plasma, na kipimo cha koagulezi kingeweza kuonyeshwa pale pale kwa gharama ndogo. Mwalimu anapenda mno lugha ya vita. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimechoka na majeshi, makombora na makamanda, hasa kwa vile mifano yake ya jembe, bawaba na mlango ilieleza zaidi.

Kwa mteknolojia wa maabara mwenye miaka kadhaa kazini, shilingi 70,000 zote pamoja ni bei ya haki, na ningelipa tena kwa jioni ya pili, ya tatu na ya tano peke yake. Muuguzi atafaidika, ila ajiandae kuuliza mwenyewe maswali ya wodini, kwa kuwa hayataletwa kwake. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni mapema, na kwa anayetafuta cheti tu, cheti hicho hakina alama za mafunzo endelevu.

Waandaaji waliahidi kutuma kwenye simu zetu orodha ya istilahi kwa Kiswahili ndani ya wiki moja. Wiki ya tano inakwisha na haijafika. Nimeandika yangu kwa mkono, maneno arobaini na moja, nimeibandika ukutani juu ya inkubeta karibu na lile bandiko la koagulezi ambalo sasa linasema "dakika 240 tangu kuweka", na mistari yake miwili ya kwanza ni kutema na kudunga.